Nilifika Kongwa Mwaka wa Mvua

Nilipangiwa kufundisha Kongwa, mkoani Dodoma, mwanzoni mwa mwaka 1998, nikiwa na cheti kipya cha ualimu, begi moja na godoro lililofungwa kwa kamba ya katani. Mimi ni mzaliwa wa Rungwe, mahali ambapo mvua hunyesha karibu mwaka mzima na mgomba huchipua hata pale ambapo hakuna aliyeupanda, na kila aliyesikia habari za kituo changu alinipa pole kana kwamba ninakwenda jangwani. Nilipoteremka kwenye basi pale Mbande, kwenye njia panda ya barabara kuu iendayo Dodoma, nilikanyaga matope yaliyofika juu ya vifundo vya miguu. Ulikuwa msimu wa mvua za El Nino. Reli ya Kati ilikuwa imeharibiwa na mafuriko, malori yalikuwa yamekwama kando ya barabara, na uwanda wote wa Kongwa, hadi kwenye vilima vinavyoukinga, ulikuwa wa kijani kibichi. Wiki ya kwanza nikamwandikia mama barua ndefu kwamba watu wanatia chumvi, kwamba nchi hii ina rutuba kuliko inavyosemwa, na kwamba kinachokosekana ni watu wa kuilima ipasavyo.

Barua hiyo nilimsomea mwalimu mwenzangu, mtu mzima aliyezaliwa hapo hapo, nikitaraji afurahi kusikia mgeni akiisifu nchi yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka taratibu. "Mwalimu," akaniambia, "barua hiyo ilikwisha kuandikwa zamani. Iliandikwa London."

Alikuwa akizungumzia karanga. Nilisoma habari za karanga za Kongwa shuleni, kwa aya mbili tatu za kukariri, lakini sikuwahi kuzihusisha na ardhi niliyokuwa nimesimama juu yake. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa iliyokuwa chini ya Unilever, alipita Tanganyika kwa ndege, akaona nyika kubwa isiyolimwa, akapendekeza kwa serikali yake kwamba ilimwe karanga kwa mashine. Ukatumwa ujumbe wa wataalamu ukiongozwa na John Wakefield, ambao ulikaa Afrika Mashariki kwa wiki chache tu na kuikagua sehemu kubwa ya ardhi kutoka angani. Waliporudi, hesabu ilikuwa tayari: mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, mengi yake Tanganyika na machache Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Waziri wa Chakula, John Strachey, akaupokea mpango huo kwa shauku, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, kabla ya Urambo na Nachingwea.

Yaliyofuata nimeyasimuliwa na watu wengi kiasi kwamba sasa siwezi kutenganisha nilichosoma na nilichosikia. Matrekta yalikuwa machache na machakavu, yaliyonunuliwa kwenye mabaki ya vita, kisha vikaletwa vifaru vilivyoundwa upya na kiwanda cha Vickers ili kuvuta badala ya kupigana. Mizizi ya vichaka vya nyika ile ilivunja majembe, na mibuyu, ambayo kwa macho ni mti laini, ilichosha mashine na kuwaudhi nyuki waliokuwa na mizinga humo, nao wakawashambulia madereva. Udongo wenyewe una mchanga mkali unaokula chuma, na mfinyanzi wake, mvua ikikatika, hukauka ukawa kama saruji, hivyo kwamba hata karanga iliyokubali kuzaa haikukubali kung'olewa. Kisha ukaja ukame. Mwanzoni mwa mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango huo, na pauni zaidi ya milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu.

Mwenzangu hakuyasema hayo yote siku ile. Alichosema ni kwamba wale wataalamu nao walikuja wakatazama, wakapenda, wakaandika. Niliichukua kauli hiyo kama utani wa watu wawili wanaofahamiana, nikaipeleka barua posta.

Msimu uliofuata nilikodi ekari mbili kwa mama mmoja mjane aliyekuwa jirani wa shule, nikapanda mahindi. Yeye mwenyewe, upande wa pili wa mpaka, alipanda uwele na mtama, na kipande kidogo cha karanga alichokilima kwa jembe la mkono pamoja na binti zake. Nilimwonea huruma. Nilimweleza habari za mbegu bora na nafasi kati ya mmea na mmea, naye alinisikiliza kwa adabu ambayo nilidhani ni ya mtu anayejifunza. "Mwanangu mwalimu," alisema tu, "mahindi ni ya kuuza mwaka ukikubali. Uwele ni wa kula mwaka ukikataa." Mvua za mwishoni mwa mwaka zilichelewa sana, na zile zilizokuja hatimaye zilikatika mwezi wa pili, jinsi zinavyofanya huko miaka mingi, wakati mahindi yangu yalikuwa yanaanza kutoa mbelewele. Nilivuna magunia mawili ya mahindi yenye meno ya kuhesabika. Mama yule alivuna uwele wake, na karanga zake zikajaa debe baada ya debe, zikakaangwa, zikatwangwa na kuungwa kwenye mboga, na sahani moja ikaletwa mlangoni pangu ikiwa imefunikwa kwa kawa, bila neno lolote la kunikumbusha ushauri wangu.

Naona aibu kukiri kwamba hata hapo sikuwa nimeelewa vizuri. Nilielewa kuhusu mahindi. Sikuelewa kuhusu watu.

Mwaka 2000 nilipewa darasa la sita na somo la historia, nikapata wazo la kuwafanya wanafunzi waandike historia ya mji wao wenyewe. Niliandaa karatasi ya maswali yenye mistari ya kujazia: jina la mzee, umri wake, matukio makubwa anayoyakumbuka, mwaka wa kila tukio. Nikamwomba mtendaji atusaidie kuwaita wazee ofisini siku ya Jumamosi. Waliitwa wazee kumi na wanne. Walikuja watano, nao walikaa kwenye mabenchi wameshika fimbo zao, wakajibu kila swali kwa maneno mawili. Karanga? Ndiyo, zililimwa. Wapigania uhuru? Ndiyo, walikuwepo. Njaa? Ndiyo, ilipita. Baada ya nusu saa mmoja wao akauliza kwa heshima kama kuna mchango unaotakiwa, na kama unatakiwa, ni kiasi gani, ili watu warudi kwenye mifugo.

Ilinichukua muda kutambua nilichokuwa nimekifanya. Wakati ule kodi ya maendeleo ilikuwa bado haijafutwa, na mwanamume aliyeitwa na mtendaji alijua anaitiwa nini. Wale wazee walikuwa pia watu wazima mwaka 1970 na 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, ambapo familia zilizokuwa zimekaa mbalimbali, kila moja na tembe yake na zizi lake karibu na malisho, zilihamishwa zikapangwa kwa mistari kwenye vijiji vya ujamaa. Orodha ya majina, karatasi yenye mistari na kijana anayeuliza miaka ya mtu vilikuwa vitu wanavyovifahamu vizuri kuliko nilivyovifahamu mimi.

Aliyeliokoa somo langu alikuwa mwanafunzi, msichana aliyekuwa kiranja wa kengele. Kengele ya shule yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwarobaini na kugongwa kwa bolti. Siku moja aliniuliza kipande hicho kilitoka wapi, kwa kuwa pale hakuna reli. Nikamwambia aende akaulize nyumbani. Kesho yake alirudi na majibu matatu yanayopingana, na wenzake wakaja na mengine manne, na wiki hiyo hiyo wazee wawili wakafika shuleni wenyewe, bila kuitwa, kwa sababu walikuwa wamegombana kilabuni kuhusu chuma chetu na kila mmoja alitaka kukitazama.

Mmoja alishikilia kwamba ni chuma cha reli ya karanga, ile njia iliyochepuka kutoka Reli ya Kati pale Msagali ikaingia Kongwa, na ambayo iling'olewa miaka michache baada ya mpango kufa. Alisema baba yake alikuwa miongoni mwa waliobeba mataruma. Mwingine alisema hapana, kipande hicho kilitoka kwenye kambi ya wapigania uhuru waliowahi kukaa Kongwa, kwenye karakana yao, na kwamba kilikuwa nguzo ya kuinulia injini. Walibishana chini ya mwarobaini kwa muda wa vipindi viwili, na darasa langu zima likaandika mpaka kalamu zikaisha wino. Sikuuliza swali hata moja kutoka kwenye karatasi yangu.

Tangu siku hiyo tuliacha kuuliza kuhusu matukio, tukawa tunauliza kuhusu vitu. Huu mlango wa chuma ulitoka wapi? Nani alipanda mwembe huu? Kwa nini nyumba hii ina bomba la moshi la Kizungu? Kila kitu kilikuwa na mwenyewe na ugomvi wake. Majengo ya karanga, tuliambiwa, hayakukaa tupu: kwa miaka kadhaa yalikuwa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, mpaka ilipofungwa mwaka 1958. Ardhi iliyofyekwa kwa gharama ile yote ikafugiwa ng'ombe, ikaja kuwa ranchi. Mwaka 1964, serikali ya Tanganyika, na baadaye ya Tanzania, ikawapa wapigania uhuru eneo la kambi pale pale yalipokuwa mabaki ya mpango, pembeni kidogo mwa mji, na hivyo wakaja watu wa ANC kutoka Afrika Kusini, wa FRELIMO kutoka Msumbiji, wa SWAPO kutoka Namibia, wa ZAPU kutoka Zimbabwe na wa MPLA kutoka Angola. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, kabla ulimwengu haujamjua, alikuwa msimamizi wa kambi ya FRELIMO hapo.

Nilitegemea kwamba hapa ndipo wazee wangejivuna, na kweli walijivuna, lakini si kwa mambo niliyoyatarajia. Hawakuzungumza sana kuhusu bunduki. Walizungumza kuhusu mpira wa miguu, kuhusu lugha zilizosikika kwenye mnada siku za mifugo, kuhusu kijana wa Namibia aliyejifunza Kigogo akawa anaamkia "mbukwenyi" kila nyumba aliyopita, na kuhusu nani alikuwa akiwauzia mbuzi kwa bei gani. Bibi mmoja alituambia, mbele ya wajukuu wake, kwamba kambini walikuwa wakipiga simu za upepo usiku na watoto waliambiwa wasisogee. Kisha akanyamaza, na mwanawe mkubwa, ambaye sura yake haikuwa ya ukoo ule, akatoka nje kwenda kuangalia ng'ombe. Wanafunzi wangu walitaka kuandika. Niliwaambia wafunge madaftari. Kati ya maamuzi yote niliyoyafanya katika kazi ile, hilo ndilo ambalo sijawahi kulijutia, kwa sababu yako makaburi ya wapigania uhuru Kongwa ambayo yanatembelewa na wajumbe wa serikali kwa mashada ya maua, na ziko habari nyingine za wakati ule ambazo zinatembea kwa miguu yake mjini na zina haki ya kupita bila kusimamishwa.

Jambo lililonishangaza zaidi ni hesabu ya miaka. Tulipochora mstari wa wakati ubaoni, mimi niliweka 1947, 1951, 1961, 1964. Wazee, kila walipotaka kueleza mtu alizaliwa lini au nyumba ilijengwa lini, walitaja njaa. Iliyo kuu kuliko zote, ambayo hata waliozaliwa miaka mingi baadaye huitaja kwa sauti ya chini, ni Mtunya, iliyoanza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya pande zote mbili, Wajerumani kwanza na Waingereza baadaye, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na mvua zilipokataa hakukuwa na akiba ya kukimbilia. Wanahistoria wamekadiria kwamba takriban mtu mmoja kati ya watano katika Ugogo, nchi ya Wagogo, alifariki. Mpaka sasa zipo koo zinazojua kwamba bibi yao fulani alipelekwa mbali kwa ajili ya chakula na hakurudi. Kwa mstari wa wakati wa namna hiyo, karanga zilikuwa kipindi cha miaka minne ambapo kulikuwa na kelele nyingi na mshahara.

Sitaki msomaji adhani kwamba mji ule ulikuwa ukiishi kwa kukumbuka tu. Maisha yake yalikuwa ya maji. Karibu kila jambo la jumuiya nililolishuhudia, kuanzia ugomvi wa mipaka mpaka ratiba ya kwaya, lilikuwa na dumu nyuma yake. Nilifika wakati vita dhidi ya vikope, ule ugonjwa wa macho unaoambukizwa kwa vidole, nguo na nzi mpaka kope zikageuka ndani na kuikwangua mboni, ilikuwa imeendelea wilayani kwa miaka mingi. Utafiti uliofanywa Kongwa na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba vijiji vilivyohamasishwa kunawisha watoto nyuso, pamoja na kupewa dawa ya macho, vilikuwa na vikope vikali vichache kuliko vilivyopewa dawa peke yake. Jambo hilo linaonekana dogo mpaka uone mama aliyetembea saa mbili kwa ajili ya lita 20 akiamua kila kikombe kiende wapi. Kwa mtu wa Rungwe, kunawa uso ni suala la tabia. Kwa mama yule lilikuwa suala la bajeti, na mara nyingi aliyeamua bajeti hiyo hakuwa yeye. Darasani tulijaribu kunawa kwa lita moja, tukimimina kidogo kidogo kwa kopo lililotobolewa, na maji yakawatosha watoto zaidi ya 30. Habari hizo zilifika majumbani haraka kuliko mhadhara wowote, maana watoto walikuwa wakishindana.

Misiba nayo ilinifundisha jambo ambalo nisingelipata kwenye vikao. Mtu akifariki Kongwa, jirani haulizi kwanza pesa; anauliza maji yako wapi na nani anachota. Kina mama hujipanga kwa zamu, vijana huchukua mikokoteni ya punda, na kabla turubai halijafungwa mapipa yamejaa. Mwaka wangu wa tatu nilifiwa na mtoto mchanga. Sikuwa na ndugu karibu, na basi kutoka Rungwe lilikuwa la siku mbili. Niliporudi kutoka hospitali nilikuta mapipa matano yamepangwa kwenye ukuta wa nyumba yangu, katika mwezi ambao kisima cha karibu kilikuwa kimekauka. Mpaka leo sijui yote yalijazwa na nani. Nilimuuliza yule mama mwenye shamba, akasema kwamba hilo si swali la kuuliza.

Niliondoka Kongwa mwaka 2007, baada ya kuhamishiwa mkoa mwingine. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimeyanakili madaftari ya wanafunzi katika daftari moja kubwa, kurasa 112, kwa mwandiko wangu safi, nikalipa jina la historia ya mji, na jioni ya mwisho nikalipeleka kwa mama huyo ili nimsomee. Alikuwa amezeeka, na macho yake, yaliyowahi kuumwa vikope, yalikuwa yanaona vivuli tu. Nilianza ukurasa wa kwanza: mwaka 1946, ndege, Frank Samuel, mafuta ya kula. Aliniacha niendelee mpaka kwenye matrekta, kisha akaninyoshea mkono.

"Na kisima?"

Nikamuuliza kisima gani.

"Cha kwenye mibuyu. Hao watu wa ndege walipofika walikunywa maji gani?"

Nilipekua kurasa zote, nikijua kabisa kwamba hakimo. Alinieleza kwamba kilichimbwa baada ya Mtunya na watu saba waliokuwa wamebaki katika kaya tatu, na kwamba miongoni mwao alikuwamo mama wa mama yake, na kwamba karanga, kambi, shule na hata ofisi ya wilaya iliyokuja katikati ya miaka ya 1990 vyote vilianza kwa kuchota hapo. "Umeanza na waliokuja," akasema, bila ukali wowote. "Keti."

Nikatoa kalamu. Akasikia mlio wa kifuniko chake, akaniambia niiweke kwanza, kwa sababu majina ya wale saba hayatajwi moja moja kama ya kuandikisha kura. Kila mmoja ana alikotoka na aliyemleta, na anapaswa kusikilizwa mpaka mwisho. Binti yake akaleta kigoda cha pili na taa ya kandili. Basi la alfajiri nililokuwa nimelikatia tiketi liliondoka siku iliyofuata na godoro langu juu ya keria, na mimi nikiwa bado kwenye jina la tano.